Helikopta Juu ya Nyumba ya Dalali

Jirani yetu wa ghorofa ya juu kabisa tulimwita Dalali, kwa sababu kazi yake maisha yote ilikuwa kunadi. Vitanda, makabati, majokofu ya kampuni zilizofilisika, magari yaliyokamatwa na benki, vyote vilipita kinywani mwake. Hakuhitaji kipaza sauti. Watu walisema Dalali akikohoa tu, bei zinapanda. Mkewe alikuwa mshona mapazia, na walikutana hukohuko mnadani. Binti wa watu alikwenda kutafuta cherehani iliyotumika, akataja bei ya kuchekesha, na Dalali akaimba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwa pumzi moja, akagonga nyundo kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Nilinunua cherehani," Mama Pazia alipenda kutuambia, "nikafungiwa na mwanamume humohumo kwenye kifurushi."

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko chini ya jengo, na chumba ninacholala kimepakana na chao ukuta kwa ukuta. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine yalinijia kupitia ukutani, na mengine Mama Pazia alinieleza mwenyewe nikiwa nimemshika kichwa. Mtu akisukwa hafichi kitu.

Kiharusi kilimkuta Dalali ameinama anafunga kamba za viatu. Aliporudi kutoka hospitali, mguu ulikuwa unaburuta, mkono wa kulia umelala kama wa kuazima. Hivyo viwili vilirudi kidogo kidogo. Kilichogoma kurudi ni maneno. Akili ilikuwa timamu. Ukimpa kichekesho alicheka palepale panapochekesha. Lakini akitaka kuomba maji, mdomo ulifunguka, macho yakamtoka, na kilichokuja ni "mara ya kwanza, mara ya pili". Akitaka kwenda chooni, mara ya kwanza, mara ya pili. Vitu vyote vya duniani vilikuwa vimebaki na jina hilo moja.

Mwanzoni tulicheka, naye akicheka nasi.

"Wewe mzee," mkewe alimtania siku moja akimlisha supu, "kati ya maneno yote uliyokuwa nayo, si ungebakiza hata 'nakupenda'?"

Dalali akafikiri sana, akameza, akasema, "Mara ya pili."

Tulicheka hadi supu ikamwagika.

Hospitali ilimtuma mwalimu wa matamshi, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya pole, aliyekuja na picha za vitu vya kawaida: kijiko, mlango, kuku, mvua. Alitueleza ugonjwa wenyewe kwa lugha tuliyoielewa. Maneno ya mzee hayajafa, alisema, yako chini kisimani. Anayavuta kwa kamba nyembamba, na kila neno linamchukua muda mrefu kupanda. Mkimkatiza, kamba inamponyoka na ndoo inarudi chini. Kwa hiyo msimsaidie kumalizia, msimharakishe, msimpigie kelele. Mngojeni. Tena, akasema, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye rutuba. Ikipita, udongo unakuwa mgumu.

Mama Pazia aliusikiliza ushauri huo kama mtu anayepewa masharti ya dawa. Akahamishia cherehani yake kwangu saluni ili isimsumbue mgonjwa. Akafunga redio. Akawaomba watoto wa ghorofa ya chini wasicheze mpira ukumbini, na watoto, kwa heshima ya Dalali aliyewahi kuwauzia wazazi wao vitanda walivyozaliwa juu yake, wakaacha.

Basi pakabaki helikopta.

Ng'ambo ya barabara kuu kuna hoteli ndefu ya vioo, na juu ya hoteli hiyo kuna kiwanja cha helikopta. Zamani zilikuwa zikitua mara mojamoja. Kisha ikaja kampuni ya matembezi ya angani, ikawa kila mwenye nafasi anataka kuliona jiji kutoka juu. Wageni wakipiga picha, maharusi, matajiri wanaokwepa foleni kwenda kula chakula cha mchana, kijana anayemposa mwenzake mawinguni kana kwamba huku chini hatakubaliwa. Njia yao ilipita juu ya paa letu kwa sababu kutoka hapo uwanja wa mpira na daraja huonekana pamoja katika picha moja. Majengo ya mtaa wetu yamebanana, ukinyoosha mkono dirishani unaweza kuomba chumvi kwa jirani, kwa hiyo ule mngurumo ukishuka katikati hauna pa kutokea. Unagonga ukuta huu, unarudi ukuta ule. Vioo vinalia. Mwalimu wa shule ya jirani anasimama na chaki mkononi akingoja ipite, na ikipita inakuja nyingine. Watoto wachanga wa jengo letu walijifunza kulala kwa vipande.

Nilikuwapo chumbani siku ya picha ya mvua. Dalali ameketi kwenye kiti cha mikono, mwalimu wa matamshi mbele yake, mkewe nyuma amekumbatia mto. Mzee aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Midomo ikakutana. Akatoa "mmm". Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole, akingoja. "Mmmv," Dalali akasema, na jasho likaonekana juu ya mdomo wake. Mama Pazia aliuma ukingo wa mto. Ndipo helikopta ikaja. Kwanza sakafu ilitetemeka, kisha picha zote zikasogea mezani, kisha hatukusikiana. Dalali alishtuka mwili mzima kama mtu aliyepigwa kofi usingizini. Kelele ilipoisha alitazama picha ile tena, na machoni mwake hamkuwa na kitu.

"Mara ya kwanza," akasema kwa sauti ndogo. Akaipindua picha kifudifudi.

Sasa nimtaje mtu mwingine, na ukishamjua utaelewa kwa nini jambo hili halikuwa jepesi kama kumlaani tajiri wa hoteli. Dalali na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo aliolewa na rubani, wakapata mtoto. Rubani huyo alifanya kazi kampuni ileile ya matembezi ya angani. Yaani zile helikopta zilizokuwa zikimpokonya mzee maneno, nyingine ziliendeshwa na mkwewe.

Tena hakuwa kijana mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu. Alipanda ngazi zote hizo kila alipopata nafasi, akamnyoa ndevu baba mkwe, akambeba mgongoni hadi juu ya paa apate jua. Dalali alimpenda kuliko alivyompenda bintiye, na binti mwenyewe alikuwa akilalamika hivyo kwa kicheko. Mama Pazia ndiye aliyemweleza habari ya picha ya mvua. Rubani aliizungusha kofia mikononi.

"Mama, mimi njia napangiwa," alisema mwishowe. "Lakini acha nione."

Alichokiona sijui, ila majuma yaliyofuata mtaa wetu ulipata ahueni. Alipokuwa zamu yeye, alizungukia upande wa mto, mbali na makazi, akawaambia abiria kwamba upepo ndio unaotaka hivyo. Akamshawishi na rubani mwenzake afanye vilevile. Zikabaki za hapa na pale tu. Wakati huo aliyejua ni Mama Pazia peke yake; sisi wengine tulidhani biashara imepungua, tukamshukuru Mungu bila kuuliza.

Ndani ya majuma hayo Dalali alisema "mvua". Aliisema asubuhi, bila picha, akitazama dirishani, na kweli mvua ilikuwa inanyesha. Mama Pazia alikuja kugonga mlango wangu akiwa na unga mikononi, akashindwa kueleza, akanivuta tu. Baada ya mvua likaja "mlango". Likaja "moto", alipopewa chai. Likaja "hapana", na hilo alilipenda mno, akalitumia kwa kila kitu kwa siku nzima, tukamwacha afaidi. Kisha jioni moja, mkewe akimfunika miguu, akamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo mimi jirani wa miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia. Aliniambia hivyo akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kusukia, nywele nusu zimefumuliwa, machozi yanashuka hadi kidevuni. Nililia naye. Mteja aliyekuwa anangoja zamu naye akalia bila kujua msiba ni wa nani.

"Si msiba, mwanangu," Mama Pazia akamwambia. "Mume wangu ameniita."

Furaha ile haikukaa. Abiria walilalamika. Walikuwa wameahidiwa daraja na uwanja katika picha moja, wakaonyeshwa mto na maghala. Meneja wa kampuni akawaita marubani, akawaambia anayetaka kubuni njia zake aende akanunue helikopta yake. Hakujua ni nani aliyeanzisha mchezo ule, marubani walifichana. Lakini njia ikarudi juu ya paa letu, na kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umefika, zikawa nyingi kuliko kwanza. "Mlango" likapotea. "Mvua" likapotea. Jina la mkewe alijaribu kulitafuta, nilimwona kwa macho yangu, akimtazama mama wa watu usoni kwa aibu kama mtu aliyesahau jina la mgeni.

Wakati huo baraza la jiji lilikuwa limeanza kuzungumzia amri ya kupunguza helikopta zisizo za lazima juu ya makazi. Za wagonjwa, zimamoto na polisi ziendelee. Za matembezi zizuiwe. Kikao cha kusikiliza wananchi kikaitishwa. Mama Pazia akasema atakwenda.

Bintiye alikuja siku moja kabla, mumewe nyuma yake. Hawakuwa na ugomvi, walizungumza vizuri.

"Mama, wakizuia, sisi tutakula nini?" binti aliuliza.

"Sitaki wafukuze mtu. Nataka wapite kwingine."

"Hawatapita kwingine. Watafunga tu. Wewe hujui biashara hii."

Rubani alimgusa mkewe bega. "Mwache mama aseme. Yeye ndiye anayekaa chini yake." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Ila nakuomba kitu kimoja, Mama. Ile habari ya mimi kuzungukia mtoni, isitoke."

"Mwanangu, nitakuwa punguani nikuchome wewe?"

Alisema hivyo, na nakuapia alikusudia hivyo.

Nilimsindikiza. Ukumbi wa baraza ulikuwa na viti vya ngozi kwa wao na mabenchi kwa sisi, na feni moja iliyokuwa ikizunguka bila kumpepea mtu. Wakasema wenye hoteli: utalii, ajira, sura ya jiji. Akasema mwalimu wa shule ile ya jirani. Akasema mama mwenye mapacha. Meneja wa kampuni alikuwa mstari wa mbele pamoja na wakili wake, bwana mmoja mtaratibu, asiyepandisha sauti, ambaye kila mwananchi akimaliza alisimama na kusema, "Pole sana. Lakini una hakika ni helikopta?" Kwa mama wa mapacha alisema watoto wachanga hulia kila mahali. Watu wakacheka kidogo. Mama wa mapacha akakaa.

Zamu ya Mama Pazia ikafika. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na kitambaa cha kichwa nilichomfunga mimi. Alizungumza vizuri. Alieleza kisima na kamba kama mwalimu wa matamshi alivyotueleza. Hata mwenyekiti wa kikao aliacha kuandika.

Wakili akasimama. "Pole sana, Mama. Mgonjwa wa kiharusi kukosa maneno ni jambo la kawaida. Madaktari watakwambia. Una hakika gani kwamba bila helikopta mzee angezungumza? Si huenda unatafuta wa kumlaumu, kama sisi sote tukipatwa?"

Sikuwahi kumwona Mama Pazia akikasirika. Alishika mgongo wa benchi la mbele.

"Alizungumza!" akasema. "Majuma yale helikopta zilipopita kwingine, alizungumza. Alisema mvua, alisema mlango, aliniita mimi jina langu. Ziliporudi, akanyamaza. Unataka hakika gani nyingine?"

Ilikuwa hoja nzito kuliko zote zilizotolewa siku ile, na kwa kitambo kidogo nilidhani ameshinda. Kisha nikamwona meneja akiinua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Majuma yapi hayo, Mama?" wakili akauliza, taratibu vilevile. "Kampuni haikusimamisha safari hata siku moja. Nani alikwambia zilipita kwingine?"

Mama Pazia akautambua mtego. Alitazama huku na huku kama anayetafuta pa kuweka mzigo, akanitazama mimi.

"Sijui," akasema. "Nilidhani tu."

Lakini meneja alikuwa ameshajua. Alikuwa na orodha ya marubani wake kichwani, na alijua ni nani mwenye mama mkwe anayekaa chini ya njia ile. Rubani alifukuzwa kabla juma halijaisha. Kosa lake liliandikwa kwa namna ambayo hakuna kampuni nyingine ya jiji ingemchukua: kubadili njia bila idhini, kuhatarisha abiria. Mwenzake aliyemfuata alikana, akapona.

Binti alikuja peke yake. Ilikuwa mchana, mimi nilikuwa nimempelekea Dalali chakula kwa sababu mkewe hakuwa amekula wala kupika tangu habari ile imfikie. Alisimama katikati ya chumba na mkoba begani.

"Alikuomba kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja, Mama."

"Mwanangu, yule wakili alinitega. Sikukusudia."

"Hukukusudia. Amepata kazi nchi ya watu, huko machimboni jangwani, kurusha mizigo. Ndiyo pekee waliyomkubalia. Tunahama. Na mjukuu wako tunahama naye."

"Msiende mbali hivyo. Kaeni hapa, tutabanana. Nitashona..."

"Utashona! Mapazia ya nani?" Sauti ya binti ikapanda. "Baba amekosa mdomo, wewe umezidisha. Laiti ungenyamaza wewe!"

Hapo Mama Pazia naye akapandisha. Kila mmoja akasema yaliyokuwa yamekaa miaka. Habari ya harusi, habari ya nani alilala hospitalini na nani hakulala. Walipigiana kelele kama wanavyopigiana watu wanaopendana, bila breki.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kiti cha mzee, bakuli mkononi. Nikamwona. Alikuwa ameinua ule mkono wa kulia, mkono ambao tangu kiharusi haukuwahi kuinuka zaidi ya kifua, ameunyoosha kuelekea kwao. Mdomo wake ulikuwa unafanya kazi. Mshipa umemsimama shingoni. Lilikuwa neno, halikuwa mara ya kwanza wala mara ya pili, hayo nayajua yanavyokaa midomoni mwake. Hili lilikuwa jipya na lilikuwa linapanda.

"Ngojeni!" nikasema. "Jamani, ngojeni, mzee anataka kusema!"

Hawakunisikia. Nikapiga kelele tena, bakuli likaniponyoka likavunjika, na ndipo wakanyamaza wote wawili na kugeuka. Mkono ulikuwa umeshashuka. Dalali alikuwa anatazama vipande vya bakuli sakafuni.

Mkewe alipiga magoti mbele yake. "Ulikuwa unasema nini? Mume wangu? Sema, tunangoja. Tumenyamaza, angalia, tumenyamaza."

Binti naye akapiga magoti. Walingoja, sijui kwa muda gani. Siku hiyo, kwa bahati ambayo siwezi kuiita bahati, hakuna helikopta iliyopita. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa upole, kisha akafumba midomo, akageuza uso ukutani.

Baada ya hapo hakusema tena. Hata mara ya kwanza hakusema. Mwalimu wa matamshi alikuja na picha zake, akazitandaza mezani, naye hakuzitazama. Alikuja tena na tena. Siku ya mwisho alizikusanya moja moja, akazifunga kwa mpira, akatoka na Mama Pazia hadi ngazini, na mimi nilikuwa hapo ngazini.

"Hawezi tena?" Mama Pazia aliuliza.

"Nadhani anaweza kidogo," alisema yule mama. Alitafuta namna ya kusema, yeye mwenyewe ambaye kazi yake ni kusema. "Ila hataki, Mama. Na mimi sina dawa ya kutotaka. Nina wagonjwa wengine wanaonisubiri."

Binti, mumewe na mtoto waliondoka asubuhi. Rubani alipanda kuaga, akamnyoa baba mkwe ndevu kwa mara nyingine, polepole, akamfuta povu sikioni. Hakumlaumu mama mkwe hata kwa jicho. Akamwambia, "Usijitese, Mama, kazi ni kazi." Mama Pazia baadaye aliniambia kwamba bora angemtukana. Binti alibaki chini ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

Miezi ikapita. Helikopta ziliendelea kama kawaida, na suala lile barazani likaahirishwa, likaahirishwa tena. Kisha siku moja amri ikapita. Safari zisizo za lazima zisikaribie makazi. Za wagonjwa, moto na usalama peke yake ndizo zipite. Tulishangaa ilivyopita ghafla, mpaka mwalimu wa shule ya jirani, ambaye ana ndugu karani kule barazani, alipotueleza. Kampuni ilikuwa imefungua njia ya pili, upande wa vilima, juu ya shule moja ya watoto wa wakubwa. Watoto wale walikuwa kwenye mitihani. Wazazi wao hawakwenda kukaa kwenye mabenchi wala kungoja zamu; walipiga simu. Maneno ya Mama Pazia, yale yaliyomgharimu mkwe na binti na mjukuu, hakuna aliyeyakumbuka.

Nilimwomba yule mwalimu asimwambie. Lakini Mama Pazia alikuwa ameshajua. Jiji hili halina siri ila za bei.

Watu wa jengo letu hawakujali nani alipiga simu. Walichojua ni kwamba mwenzao alisimama mbele ya wakili, na sasa anga limetulia. Wakaandaa shukrani juu ya paa, alasiri ya siku ya mapumziko. Viti vililetwa kutoka kila nyumba, mama wa mapacha akaleta keki, watoto wake wakalala juu ya mkeka palepale, mchana kweupe, mikono imetanda, na kila mtu alikuwa akienda kuwatazama kana kwamba hajawahi kuona mtoto amelala. Kwa kweli ilikuwa raha. Ungeweza kusikia kufuli la mtu likifunguliwa ghorofa ya pili. Ungeweza kusikia njiwa wakitembea juu ya bati la tangi.

Mama Pazia alikuja. Alikaa kiti alichopewa, cha katikati, akala keki kidogo. Wakapita mmoja mmoja kumshika mkono. "Umetukomboa, Mama." "Mungu akuzidishie." "Wewe ni mwanamume!" Yeye aliitikia, "Asante, asante, ndugu yangu," kwa sauti ileile na kichwa kilekile kilichoinama, na mimi niliyekuwa pembeni yake nikagundua nimeshawahi kumwona mtu akiitikia hivyo. Ndivyo wanavyoitikia wafiwa.

Wakamtaka aseme neno. Wakapiga makofi, mwalimu wa shule akamsaidia kusimama. Alisimama akatazama yale mapaa yaliyobanana, na nguo zilizoanikwa, na hoteli ya vioo. Watu wote walinyamaza kwa heshima, na kimya kile kilikuwa kikubwa. Nilimwona akikisikiliza. Sura yake ilibadilika, si kilio, ni kama mtu aliyefungua kabati akitafuta kitu akakuta limekombwa.

"Samahanini," akasema. "Saa ya kumgeuza mzee imefika. Akilala upande mmoja anapata vidonda."

Akashuka. Nilimfuata. Chumbani dirisha lilikuwa wazi na jua limefika hadi katikati ya kitanda. Dalali alikuwa macho. Juu ya vichwa vyetu watu walianza kuzungumza tena, na tulisikia kila neno lao, hata kicheko kilikuwa cha nani. Mama Pazia alishika mabega, mimi nikashika miguu. Alikuwa amepungua sana; tulimnyanyua bila kuhesabu moja, mbili, tatu. Tulimlaza akitazama upande wetu. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaanza kujisukuma kwa mkono wake mzima, taratibu, akihema, hadi alipopata kugeuka mwenyewe kuelekea ukutani.

Mama Pazia hakumzuia. Alimnyooshea shuka mgongoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia nirudi juu, keki isiishe.